Mbuni Hasemi Kweli

Jumapili, 3 Agosti

Leo tumedhulumiwa. Na ndege wa mbao!

Wifi Mkubwa, dada yake mume wangu, alitualika tupeleke watoto kwenye bustani ya michezo. Yeye na mwanawe Mlingoti, mimi na Kidoti wangu. Watoto hawa wote wana miaka mitano, wamepishana wiki tatu tu. Lakini Mlingoti anarefuka kama mtu aliyetumwa kuchungulia ukuta wa jirani. Kidoti wangu yeye ni Kidoti. Jina lilimkaa siku aliyozaliwa na mpaka leo halijaanza kumbana.

Kuna treni pale inaitwa Joka. Ya kijani, meno mekundu. Inapanda, inakata kona, inashuka watu wakipiga mayowe. Mlangoni wamesimamisha mbuni wa mbao, ameunyoosha ubawa mmoja. Mtoto anapita chini ya ubawa. Kichwa kikigusa, panda. Kisipogusa, nenda kakue kwanza. Na kifuani mwa mbuni pameandikwa: sentimita 110.

Mlingoti akagusa. Nusura aung'oe ubawa. Kidoti akapita kama upepo, hata unywele haukutikisika. Msimamizi wa foleni, mwanamume mwenye filimbi shingoni, akasema pole mama, huyu bado. Wifi akasema, tena kwa sauti ya kufika mpaka kwenye vyoo, kwamba kila mtoto na majaliwa yake. Akaongeza kwamba kwao hakuna wafupi, kwa hiyo huo ufupi lazima uliingia na ndoa.

Uliingia na ndoa! Yaani mimi ndiye niliyeubeba kwenye sanduku.

Ningevumilia. Nimeshavumilia mengi kwa Wifi. Lakini Kidoti alishika uzio kwa mikono miwili akamtazama binamu yake akizungushwa, raundi nzima, bila kulia. Angelia ningemnunulia barafu tukayamaliza. Hakulia. Njiani ndiyo akaniuliza kama yeye bado ni mtoto mchanga, maana Mlingoti kasema Joka halibebi watoto wachanga.

Moyo ukanipasuka vipande. Nikaapa palepale. Jumamosi ya tarehe 16 kiwanda cha sabuni anakofanya kazi baba yake kitawapeleka wafanyakazi wote na familia zao bustanini. Nikamwambia mwanangu, siku hiyo utapanda Joka. Nikamwekea mkono kichwani nikarudia. Akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Sasa nawaza. Ulimi umeshatangulia. Akili itafika lini?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempima Kidoti asubuhi kabla hajanywa uji, ili nisiambiwe nimepima uji.

Mia na kumi na mbili!

Nikapima tena. Mia na kumi na mbili! Nikampima amevua viatu, amekaza shingo, amelegeza shingo. Ni ileile. Mwanangu anazidi kinachotakiwa. Mbuni ni mwongo!

Mimi shule niliiacha mapema, sibishi. Ila kupima ndiyo kazi yangu. Ni fundi cherehani, na tepu hii nimeanza nayo kazi. Nimeshonea nayo sare, magauni, suruali za maharusi. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo akasema imembana au inampwaya. Na ni tepu imara. Mwaka jana niliisahau kwenye mfuko wa aproni, ikachemka na mashuka sufuria nzima, kisha nikaipiga pasi. Ikatoka inang'aa kama jana imetoka dukani.

Nikamweleza mume wangu kwamba bustani nzima ile inaendeshwa kwa udanganyifu. Akasema labda. Mume wangu ana neno hilo moja, na analitumia kama chumvi, kwa kila kitu. Nikamwambia si labda, ni hakika. Akasema labda ni hakika.

Kwa hiyo mimi sidanganyi mtu. Naandika hili hapa ili lijulikane. Mtoto anafika. Kazi yangu ni kumsaidia mbuni aone.

Jumatano, 6 Agosti

Hatua ya kwanza: kumnyoosha.

Nimefunga bomba la pazia mlangoni, Kidoti ananing'inia. Nahesabu, yeye anacheka. Akicheka anaachia. Akiachia anadondokea mto. Amegundua kwamba kudondokea mto ni kutamu kuliko kuning'inia, sasa anaachia kabla sijafungua mdomo.

Chakula nacho nimekibadilisha. Mayai, maziwa, maharage. Hasa maharage, kwa sababu mmea unaopanda fito kwa siku chache vile lazima una siri yake. Leo mwalimu wa chekechea ameniita pembeni. Ameniambia, kwa heshima zote, kwamba darasa lina madirisha mawili tu na moja halifunguki, kwa hiyo maharage niyapunguze.

Jioni nimemkuta Kidoti amesimama ndani ya beseni la maji, mikono juu, macho amefumba. Nikamuuliza unafanya nini mwanangu. Akasema anamwagilia miguu.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Kisha nikaona aibu kucheka. Mtoto ameamini. Amewaambia wenzake wote chekechea kwamba Jumamosi ile atapanda Joka, na kwamba mama yake ndiye aliyesema.

Nimempima tena. Mia na kumi na mbili. Beseni halijafanya kitu, ila halijaharibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kumwona yule wa filimbi. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nikabeba tepu na kipande cha kitambaa cha suruali, cha kijivu, kizuri. Bustani ilikuwa tupu. Bwana Filimbi alikuwa anamfuta mbuni vumbi puani.

Nikamsalimu kaka, habari za kazi. Nikamwambia suruali yake imechoka magotini na kwamba mimi naweza kumshonea nyingine kwa upendo tu. Akaniuliza upendo huo una urefu gani. Mjanja! Nikamwambia una urefu wa mtoto mmoja anayefika ila mbuni hataki kukubali.

Hakukasirika. Akanipeleka mpaka kwenye Joka lenyewe, akanikalisha. Akashusha lile bomba la kifuani linalomshika mtu. Akanionyesha nafasi. Akasema mtoto akiwa mfupi kuliko ubawa, bomba linamkosa, na kwenye ile kona ya pili atatoka kama sabuni mkononi. Akasema na yeye ana binti. Hafiki. Baba ndiye mwenye ufunguo wa Joka na binti hajawahi kulipanda. Anamnunia mwaka wa pili sasa.

Nikamwonea huruma sana. Nikamwambia amlete nyumbani, nina bomba la pazia na beseni.

Akapuliza filimbi ingawa hapakuwa na mtu.

Nimerudi nikiwaza. Kutoka kama sabuni! Karibu niache. Lakini nikajiambia, hayo ni ya wasiofika. Kidoti anafika, tepu imesema. Bomba litamshika vizuri kabisa. Tatizo ni huyu mbuni, ambaye hata pua hawezi kujifuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Wifi Mkubwa amekuja. Na kazi! Anataka mapazia mapya ya sebuleni. Mume wake ni mkubwa wa ghala pale kiwandani, na Jumatano watakuwa na wageni. Dirisha limepimwa na mume wake kwa tepu ya chuma, akamtajia namba, na yeye akazitaja kwangu polepole, mara mbili, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Urefu sentimita mia mbili na ishirini. Mwisho wa pazia uguse sakafu, usiburuze, usining'inie. Uguse tu.

Nikasema wifi, umefika.

Akamwona Kidoti ananing'inia mlangoni. Akauliza mtoto amefanya kosa gani. Kidoti akajibu mwenyewe kwamba anakua, shangazi asimcheleweshe. Wifi akacheka akasema kukua si kuanika nguo. Mlingoti akajaribu bomba. Miguu yake ikagusa chini. Akasimama tu pale ameshika bomba kama abiria.

Nitamshonea mapazia akose la kusema. Nimempa kitambaa chenye majani, chini nimeweka mkunjo mpana. Nimepima mara tatu kabla sijaingiza mkasi. Pima mara nyingi, kata mara moja, ndivyo nilivyofundishwa.

Jumanne, 12 Agosti

Sijui pa kuanzia. Mapazia hayafiki.

Nimepanda kwenye kiti sebuleni kwa Wifi, nimeyatundika mwenyewe, nimeshuka, nimerudi nyuma nipate sifa. Chini pamebaki wazi! Si kidogo. Paka wa jirani alipita nje nikamwona miguu yote minne. Mapazia yamevaa kaptula.

Wifi aliyatazama. Akamtazama mumewe. Akanitazama mimi. Akasema kumbe ndiyo maana Kidoti naye hafiki, mshonaji ni mmoja.

Mungu wangu! Mbele ya shemeji!

Nikajikaza. Nikatoa tepu yangu nikapima pazia mbele yao. Mia mbili na ishirini kamili, kama nilivyoambiwa! Nikawaambia pazia halina kosa, kosa ni la dirisha. Shemeji akasema dirisha haliwezi kukosea. Nikamuuliza alilipima lini. Akasema wiki iliyopita. Kimoyomoyo nikasema ukoo wa warefu huu, hata madirisha yao yanaendelea kurefuka.

Wageni wao kesho watakaa sebuleni wakionwa na paka.

Nimemweleza mume wangu yote. Nikamuuliza inawezekana dada yake alinitajia namba ndogo makusudi ili anifedheheshe. Akafikiri. Akasema labda.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho ndiyo siku. Zana ziko tayari.

Viatu: jirani yangu kibarazani ni fundi viatu, tunamwita Soli. Nilimpa viatu vya Kidoti, nikamwomba aongeze kidogo chini. Soli hana kidogo. Ameweka ngozi, juu ya ngozi raba, juu ya raba ngozi tena. Akasema mtoto akivaa hivi hata mvua itamfikia mapema kuliko wenzake. Kidoti akitembea anainua goti kama jogoo kwenye tope.

Nywele: nimemsuka mafungu yote yakaelekea juu, nikayakusanya utosini, nikafunga utepe. Mnara! Imara. Nimeubonyeza, umerudi. Naweza kuutwika sufuria.

Jioni tulifanya mazoezi. Mume wangu alikuwa mbuni. Alisimama mlangoni amenyoosha mkono, nami nikapima mkono usishuke. Kidoti akapita. Mnara ukagusa kwapa, mbuni akacheka, mkono ukashuka. Nikamwambia mbuni hacheki. Akasema labda wa pale hajawahi kutekenywa.

Kisha Kidoti, akiwa kitandani, akaniuliza kama tunadanganya.

Nimemwambia hapana mwanangu. Nikaleta tepu, nikamwonyesha. Hajui kusoma namba kubwa, lakini aliweka kidole pale kichwa chake kinapofika, akakiangalia kidole chake kwa heshima kabisa. Akauliza kwa nini basi mbuni anasema hapana. Nikamwambia kuna ambao hawaoni mpaka wasaidiwe. Akasema basi kesho atamsalimia kwanza, huenda hajazoea watu.

Huyu mtoto. Nimembusu mpaka mnara umelala upande, nikausimamisha upya.

Jumamosi, 16 Agosti

Aibu. Aibu tupu. Nitaandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Tulifika na basi la kiwanda. Wote wamevaa fulana za njano zenye picha ya mche wa sabuni. Wifi mbele, Mlingoti pembeni yake. Mimi na Kidoti nyuma yao kwenye foleni ya Joka. Mume wangu akasema yeye atashika mikoba. Mwanamume mwenye busara.

Mlingoti akagusa ubawa, akapita. Zamu yetu. Kidoti akasogea na viatu vyake vya jogoo. Akamsalimu mbuni shikamoo. Foleni ikacheka, lakini cheko zuri. Akasimama chini ya ubawa. Mnara ukaugusa! Ukaugusa, ukasukuma kabisa!

Bwana Filimbi akamtazama. Akanitazama. Akachuchumaa, akamwambia Kidoti kwa upole kwamba Joka halipendi viatu, linateleza. Akamvua mwenyewe. Kidoti akashuka kama lifti. Kisha Bwana Filimbi akaweka kiganja juu ya mnara akaubonyeza taratibu, naye hakuuachia. Mnara ukalala.

Kati ya kichwa cha mwanangu na ubawa palibaki nafasi ya vidole viwili. Wifi, aliyekwisha kupita, akageuka akasema wifi yangu, hata viatu?

Kidoti akaniangalia. Aliniangalia tu, kama mtu aliyemkabidhi mwenzake mzigo akaona anautua.

Hapo ndipo nikapandwa na wazimu. Nikachomoa tepu mfukoni. Nikasema leo tutajua nani mkweli! Simpimi mtoto, nampima mbuni! Nikakanyaga mwanzo wa tepu kwa kidole gumba cha mguu, nikaipandisha mpaka kwenye ubawa. Mia na kumi na tano!

Nikapaza sauti. Jamani! Kifuani kaandikwa mia na kumi, ubawa uko mia na kumi na tano! Watoto wetu wanaibiwa sentimita tano mchana kweupe!

Ee, foleni ilivyolipuka! Kumbe nyuma yangu kulikuwa na kina mama wengi wenye vifupi vyao. Mmoja akasema nilijua mimi, nilijua! Mwingine akasema wake alikataliwa mwaka jana na mwaka huu, na mtoto hawezi kukaa mwaka mzima bila kukua, si kabati. Bibi mmoja akampiga mbuni kwa mkoba. Wakaanza kuimba mbuni mwongo, mbuni mwongo. Watoto wakapokea. Hata waliokuwa wanafika waliimba. Bwana Filimbi akapuliza filimbi mpaka ikakosa pumzi.

Nilijiona mtu. Nakiri. Kwa dakika zile nilikuwa waziri.

Akaja meneja wa bustani na tepu ya chuma. Akapima mbuni. Mia na kumi. Nikamwambia chuma kile kimepinda. Akatafutwa mtu mwingine mwenye tepu, akatokea nani? Shemeji yangu, mkubwa wa ghala, haendi popote bila tepu kiunoni. Akapima. Mia na kumi. Kisha shemeji, kimya kimya kama maji ya mtungini, akaomba yangu. Akailaza chini kando ya yake, mwanzo kwa mwanzo.

Yangu ikafika mwisho mapema. Inasema mia moja na hamsini, na ya chuma bado inasema mia na arobaini na kitu.

Imejikunja! Imesinyaa! Mashuka. Pasi. Maji ya moto.

Ikanijia yote kwa pamoja. Nguo za wateja hazina kosa kwa sababu mwili naupima kwa tepu hiyo, na kitambaa nakikata kwa tepu hiyohiyo. Uongo kwa uongo, unaenea vizuri. Ila mapazia ya Wifi yalipimwa kwa chuma yakakatwa kwa tepu yangu. Na Kidoti wangu hajawahi kuwa mia na kumi na mbili. Ni mia na saba.

Foleni ikacheka. Bibi akampangusa mbuni kwa kiganja pale alipompiga. Wifi alicheka mpaka akashika uzio, akasema mapazia yangu! mapazia yangu! Nikatamani ardhi ipasuke, hata kama ingepasuka kwa vipimo vyangu.

Na bomba lile la kifuani. Sabuni mkononi. Nikaketi kando. Nikamvuta Kidoti nikamwambia mama alikosea, Joka leo halipo. Nikamwomba radhi. Ahadi yangu, mkono wangu kichwani mwake, yote hewa.

Akafikiri. Akaniuliza, kwa hiyo mbuni alikuwa anasema kweli? Nikasema ndiyo. Akauliza, na Mlingoti je, aliposema mimi ni mtoto mchanga? Nikasema huyo mwongo kabisa, huyo hata tepu hana.

Akasema basi sawa.

Ndipo Bwana Filimbi akaja, amebeba vile viatu. Akasema upande wa pili kuna mabata, kama binti angependa. Tukaenda. Mabata makubwa ya njano yanaelea kwenye mfereji, mtoto anakaa mgongoni, na kila bata ana bomba la maji la kuwalowesha watu walio ukingoni. Ruhusa kabisa! Na mlangoni amesimama bata wa mbao. Yeye ubawa ameushusha, mdomo ameunyoosha. Kifuani naye kaandikwa sentimita 110: kichwa kikigusa mdomo, hupandi. Mabata ni ya wafupi tu.

Kidoti akapita chini ya mdomo bila kuinama. Akapita kama bibi harusi!

Mlingoti alikuwa ameshashuka kwenye Joka. Alikuja mbio akitaka bata. Mdomo ukamgonga kwenye paji la uso. Akarudi nyuma akajaribu tena, ukamgonga tena. Akaanza kulia. Kidoti akamwita kutoka mgongoni mwa bata akamwambia asilie, asubiri apungue.

Kisha akamlowesha shangazi yake. Kuanzia kichwani mpaka kwenye picha ya mche wa sabuni. Wifi akapiga ukelele. Mimi nikasema Kidoti, acha! Nikasema kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kusikika.

Amezunguka mpaka akachoka. Njiani amelala begani kwangu. Kabla hajalala amenung'unika kwamba lile Joka, akiliangalia vizuri, halina bomba la maji hata moja.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda kwa Wifi kuchukua mapazia niyaongeze chini. Nimeomba radhi. Nilitarajia maneno. Alinipa chai.

Wageni wake, anasema, waliyasifia. Walidhani ni mtindo mpya. Mke wa meneja wa kiwanda ameuliza fundi ni nani, anataka ya kaptula kama hayo, nyumba nzima. Wifi amesema alimwongezea chai badala ya kumjibu. Nimemwambia amjibu kwamba fundi ni wifi yake. Akasema ataona.

Tepu mpya nimenunua. Ya zamani nimeitundika ukutani, siitumii kwa wateja tena. Nimejifunza. Kabisa. Kipimo ni kipimo, na mtoto hukua kwa wakati wake, na sheria imewekwa kwa sababu. Nimeyasema hayo mbele ya mume wangu kwa sauti.

Akasema labda.

Jumatano, 20 Agosti

Wifi amekuja jioni, Mlingoti nyuma yake. Hakuingia na kelele zake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha pete. Kisha akaniuliza, akitazama cherehani, kama ipo namna yoyote ya mtoto kupungua.

Mlingoti halali. Anataka bata. Kila siku anauliza lini. Na jana alimuuliza mama yake kama yeye sasa ameshakuwa mzee.

Nikamtazama yule mtoto pale mlangoni, amejikunja mabega ili aonekane mdogo. Miaka mitano tu. Wa mwenzio ni wako. Nikasahau ndoa, nikasahau sanduku la ufupi. Nikamwita. Nikamwekea mkono kichwani. Nikamwambia mwanangu, Jumapili utapanda bata.

Lilitoka lenyewe!

Lakini safari hii nimetumia akili. Viatu havihusiki, nywele hazihusiki, hakuna cha kumvua mtu wala kumbonyeza. Nitamshonea joho. Refu, pana, mpaka chini. Ndani ya joho magoti yanakunjwa, na nje nani anaona? Kidoti anamfundisha kutembea. Wanazunguka uani wamechuchumaa, mmoja nyuma ya mwingine, wakigongana kwa kucheka.

Nimempima akiwa amechuchumaa. Tepu mpya inasema mia na tano, anapita. Ya zamani inasema mia na kumi, hapiti. Sasa hii ya zamani mtu anaiamini kwa lipi? Ilishaadhiriwa hadharani.

Soli amechungulia akauliza kama bustani hawatashangaa mtoto aliyevaa joho anatembea kama bata. Nimemwambia anakwenda kupanda bata, watasema anamheshimu.

Wifi ameniletea uzi mweusi mwenyewe. Wakituuliza joho la nini, tutasema anahitimu chekechea. Wakisema mbona ni mwezi wa nane, Wifi ataanza kupiga kelele. Huko ndiko aliko bingwa, na kwa mara ya kwanza yuko upande wangu. Tutashindwa vipi?